Kilichoivunja China karne ya 19: kasumba, mikataba au uozo wa ndani?

#1 Mkoba_wa_Historia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ubeberu wa Magharibi nchini China unapotajwa humu, maelezo ni yaleyale: Mwingereza alileta kasumba (afyuni), Wachina wakavuta, nchi ikalala. Mimi naamini kasumba iliumiza sana, lakini kilichoibomoa jamii ile ni karatasi zilizosainiwa baada ya Vita ya Kasumba, Mwingereza alipoipiga China.

Mkataba wa Nanjing ulisainiwa tarehe 29 Agosti 1842 ndani ya manowari ya Kiingereza, Cornwallis, iliyotia nanga mto Yangzi. China ilikubali kulipa dola milioni 21 za fedha, ikaitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Mwaka uliofuata vikaongezwa vifungu vibaya zaidi. Mwingereza akitenda kosa China, anahukumiwa na konseli wake kwa sheria za kwao. Na haki yoyote atakayopewa taifa jingine, Mwingereza naye anaipata papo hapo. Wamarekani na Wafaransa wakaja 1844 kudai zao. Ushuru wa bidhaa za nje ukafungwa kwenye asilimia 5 hivi, na China haikuwa na uhuru wa kuupandisha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920.

Fikirieni serikali isiyoweza kupanga ushuru wa bandari zake yenyewe, wala kumweka kizimbani mgeni aliyemuua raia wake mtaani. Kiwanda cha ndani kingekua vipi? Nani angeiheshimu mahakama?

Nauliza: kati ya kasumba, mikataba na matatizo yao wenyewe, kipi kiliwavunja zaidi?

#2 Kijana_wa_Tandika

Nimekaa mbele kabisa. Ila Lin Zexu lazima atajwe, yule ofisa wa mfalme wa China aliyeichoma moto kasumba yote ya Waingereza. Wangekuwa naye kila bandari, tusingekuwa na uzi huu.

#3 Ticha_Fomu_Foo

Mleta uzi, kasumba umeiruka haraka mno. Tazama hesabu.

Mwanzoni mwa karne ile yalikuwa yakiingia makasha elfu nne au tano kwa mwaka. Mwaka 1838 yamefika kama 40,000, na kila kasha ni kilo sitini na kitu. Kabla ya hapo madini ya fedha yalikuwa yanaingia China, kwa sababu Mwingereza alitaka chai na hakuwa na bidhaa ambayo Mchina aliihitaji kwa wingi. Kasumba ikaugeuza mto huo: fedha ikaanza kutoka.

Sasa njoo kwa mkulima. Anauza mpunga wake kwa sarafu za shaba, lakini kodi ya serikali inahesabiwa kwa fedha. Zamani tael moja (kipimo cha uzito) ya fedha ilibadilishwa kwa sarafu kama 1,000. Miaka ya 1840 inafika 2,000 na zaidi. Kwenye daftari la serikali kodi haijapanda hata senti, ila mkulima anauza mpunga mara mbili ili ailipe. Huyo hajawahi kuishika kiko cha kasumba maishani mwake, na mke wake hajawahi, lakini shamba limekwenda. Wanafunzi wangu wakiulizwa "athari za kasumba" wanaandika ulevi na afya mbaya. Nawaambia kila mwaka waanze na kodi.

#4 Duka_Xiaobei

Salaam kutoka Guangzhou.

Kijana wa Tandika, Lin Zexu hakuichoma moto. Ukiichoma, mabaki yanayeyuka na kuingia ardhini, na watu walikuwa wanajua kuyachimba na kuyatumia tena. Alichimbisha mashimo makubwa ufukweni Humen, yakatiwa maji na chumvi, kasumba ikatupwa humo, kisha chokaa. Ikaiva na kuvurugika, maji yakatoka nayo baharini. Kazi ilianza tarehe 3 Juni 1839 na ikachukua zaidi ya wiki tatu, maana makasha yalizidi 20,000. Kabla ya kuanza alitoa sadaka kwa mungu wa bahari na kuviomba viumbe vya majini vijitenge kwa muda. Na zawadi aliyopewa baada ya vita kwenda vibaya? Mfalme alimpeleka uhamishoni Yili, mwisho wa magharibi huko, ng'ambo ya jangwa.

Mzee mmoja ninayenunua vitambaa kwake alinipeleka kwenye makumbusho ya Humen. Palijaa watoto wa shule, walimu wakiwaeleza kwa sauti kubwa. Mzee akaniambia hadithi ya Lin aliijua kabla hajajua kugawanya. Huku jambo hili halijapita.

#5 Mwana_wa_Tudor

Wadau, kutoka Mombasa hapa. Msisahau kwamba London kwenyewe walijua. Aprili 1840 hoja ya kuilaumu serikali kwa vita hii ilishindwa bungeni kwa kura tisa tu, 271 kwa 262. Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu baadaye, alisimama akaipinga vita waziwazi.

Na mwamsahau mkulima wa Bihari. Kasumba ililimwa Bihari na Benares chini ya Kampuni ya Uhindi Mashariki. Mkulima akipewa pesa mbele, akifungwa na deni, akiuza kwa bei ya Kampuni. Kisha Kampuni yauza kwa mnada Calcutta, na wafanyabiashara binafsi kama Jardine na Matheson ndio wanaovusha magendo. Hivyo Kampuni yaweza kusema mikono yake ni safi. Mimi naona uovu ulipangwa na watu wenye elimu na madaftari, na hilo ndilo laniuma.

#6 Sijakubali_Bado

Mnapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Makasha yale yalishushwa ufukweni na nani? Mashua za Wachina. Nani alipokea rushwa? Maofisa wa Wachina. Kasumba ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1729, karne nzima kabla ya vita, na bado ilipita.

Dola ya Qing, ukoo uliotawala China, ilikuwa imeshachoka. Idadi ya watu inakadiriwa ilikuwa kama milioni 150 mwaka 1700, ikapita milioni 400 kufikia 1850, ardhi ni ileile, na idadi ya maofisa haikuongezeka kwa kasi hiyo. Heshen, kipenzi cha mfalme Qianlong, alikuwa tajiri kwa wizi mpaka akalazimishwa kujiua 1799. Uasi wa Lotasi Nyeupe, 1796 hadi 1804, uliimaliza hazina kabla ya manowari yoyote ya Kiingereza kuja kupiga mizinga.

Kuhusu fedha ya Ticha #3: migodi ya Mexico na Peru iliporomoka kwa vita vya uhuru kuanzia 1810, fedha ikapungua duniani kote. Wapo wanahistoria wanaoupa sababu hiyo uzito mkubwa. Kwa hiyo hesabu yako ya shaba na fedha ni ya kweli, lakini mshitakiwa si mmoja.

#7 Ticha_Fomu_Foo

#6, mgodi wa Mexico haukuja na mizinga kudai fidia.

#8 Sijakubali_Bado

Na kodi ya mkulima haikujali imepandishwa na nani.

#9 Mtoto_wa_Ng'ambo

Assalaam alaykum. Natia neno kutoka Unguja, kwa sababu #1 anasema kama kwamba mambo yale yalibuniwa Nanjing.

Mwaka 1833 Wamarekani walifunga mkataba na Seyyid Said. Ushuru wa bidhaa zao: asilimia 5. Kesi baina ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe: anahukumu konseli wao. Mwaka 1839 Waingereza wakafunga wao, ushuru uleule. Waosmani walikuwa na mikataba ya namna hiyo na Wazungu kwa karne kadhaa. Asilimia 5 na mahakama ya konseli ni vifaa vilivyokuwa tayari sandukuni.

Tofauti ni kwamba Seyyid Said alikuwa mfanyabiashara mwenyewe, aliutaka mkataba ule na uliingiza meli bandarini. Kilichotufika sisi kilikuja taratibu: mpaka 1890 tuko chini ya himaya ya Mwingereza. China wao walitilishwa saini kwa nguvu tangu siku ya kwanza. Wa kutaka na wa kulazimishwa wote wakaishia kuongozwa na konseli. Jee, hilo halikupi nguvu hoja yako, mleta uzi?

#10 Mkoba_wa_Historia

Linanipa nguvu sana, sheikh wangu. Hili la 1833 linastahili uzi wake.

#11 Bibi_Maktaba

Wanaume mmejaa hapa na manowari zenu. Naomba tuongelee wanawake.

Watu husema Wazungu ndio waliokomesha kufunga miguu ya wasichana. Ni kweli bibi mmoja Mwingereza, Alicia Little, alianzisha chama cha kupinga jambo hilo Shanghai mwaka 1895, na wamisionari walikuwa wanalisema kabla yake. Lakini mwanamageuzi Kang Youwei alikuwa ameshaanza kwao Guangdong miaka ya 1880, na Qiu Jin, mwanamapinduzi aliyekatwa kichwa 1907, alifungua miguu yake mwenyewe. Cixi, mama mfalme aliyeshika madaraka, alitoa tamko la kuwaasa watu waache mwaka 1902. Vijijini iliendelea miongo mingine kadhaa.

Kinachonigusa ni sababu waliyoitumia wanamageuzi wengi: wageni wanatucheka. Msichana anavunjwa vidole akiwa na miaka sita au saba, na hoja inayosikika zaidi ni aibu ya taifa. Maumivu yake yanakuja nyuma. Kwangu hiyo nayo ni athari ya ubeberu, maana mpaka huruma ya ndani inapimwa kwa jicho la mgeni.

La pili ni uzi wa pamba. Mwanamke wa kijijini alikuwa anasokota nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 uzi wa mashine kutoka Bombay, na baadaye Japani, ukaja kwa bei ya chini na kazi ya kusokota ikafa sehemu nyingi. Kufuma hakukufa, tena kuna mahali kulikua, kwa kuwa wafumaji walinunua uzi huohuo wa kigeni. Kwa hiyo nyumba moja ilipata na jirani yake akakosa. Mtu akisema "viwanda vya Magharibi viliua kazi za mikono China", mwulize kazi gani, na ya nani.

#12 Kijana_wa_Tandika

Bibi Maktaba umeshuka nondo. Na lile bango la Shanghai je? "Mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia." Hilo ndilo linalonitoa machozi.

#13 Bibi_Maktaba

Bango lenye maneno hayo halijathibitishwa. Bustani ya ufukweni ilifunguliwa 1868 na ilikuwa na orodha ya kanuni. Katika kanuni za 1917, moja inasema bustani ni ya jamii ya wageni, nyingine mbali kidogo inakataza mbwa na baiskeli. Watu waliziunganisha. Ila Wachina walizuiwa kweli, kwenye ardhi ya kwao, mpaka 1928. Aliyezuiwa getini hakuhitaji bango limwambie anafananishwa na nani.

#14 Mjukuu_wa_Songea

Mnazungumza Waingereza tu. Mjerumani mmemwacha wapi?

Novemba 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa Shandong. Wiki mbili baadaye manowari za Kijerumani zimeshika ghuba ya Jiaozhou, na 1898 wakaikodi kwa miaka 99. Hapo ndipo Qingdao ilipojengwa. Shandong hiyohiyo ndiko walikoibuka Mabondia, vijana wa vijijini waliochoshwa na ukame, mafuriko na wamisionari walioingilia kesi za mahakamani kuwatetea waumini wao. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yakaingia Beijing. Kaiser Wilhelm aliwaaga askari wake Bremerhaven akiwataka wasichukue mateka.

Sasa sikilizeni majina. Lothar von Trotha alikuwa huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1894 hadi 1897. Mwaka 1900 yuko China na brigedi yake. Mwaka 1904 yuko Namibia, anatoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Paul von Lettow-Vorbeck, tunayemsoma shuleni kwa vita ya 1914, alikuwa China 1900, kisha Namibia, kisha Tanga na Mahiwa. Kwetu Songea waliwanyonga wazee wetu 1906, wakati wa Majimaji. Nikisoma habari za Shandong nazisoma kama habari za nyumbani, maana jeshi ni lilelile.

#15 Mangi_wa_Forodha

#14, Qingdao ndiko wanakotengeneza ile bia maarufu, kiwanda cha tangu 1903. Mengine tumshukuru Mjerumani.

#16 Mjukuu_wa_Songea

Mangi kunywa bia yako, historia tuachie.

#17 Mangi_wa_Forodha

Haya, nachangia sasa, na hii ni fani yangu. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi na nawaambia, forodha ya China chini ya Robert Hart ilikuwa bora kuliko nyingi za leo. Huyu alitoka Ireland, akawa mkuu wa forodha kuanzia 1863, na cheo alikuwa nacho mpaka anakufa 1911. Aliajiriwa na serikali ya China. Mapato yalihesabiwa na kufika hazina, rushwa ilipungua, minara ya taa ikajengwa pwani, na posta ya kitaifa ikaanzishwa mwaka 1896 chini yake. Kwa hiyo #1, forodha ile haikuwa balaa tupu. Serikali ya Qing ilipata pesa za uhakika ambazo haikuwahi kuzipata.

#18 Mkoba_wa_Historia

Mangi, pesa zilipatikana, nakubali. Zilikwenda wapi? Mwaka 1895 China inadaiwa na Japani fidia ya tael milioni 200. Mwaka 1901, baada ya Mabondia, tael milioni 450, kulipwa kwa miaka 39 na riba ya asilimia 4, jumla karibu milioni 980. Rehani ya madeni yote hayo ilikuwa mapato ya forodha, na kodi ya chumvi ikaongezwa. Forodha safi ikawa mkono wa kumkamulia mdeni. Uadilifu wa Hart uliwahakikishia wadai kwamba hakuna senti itakayopotea njiani.

#19 Mangi_wa_Forodha

Kabla ya 1895 deni hilo halikuwepo. Miaka thelathini ya mwanzo pesa ilijenga viwanda vya silaha na meli, kama kile cha Fuzhou. Usiihukumu forodha yote kwa miaka yake ya mwisho.

#20 Sijakubali_Bado

Na 1895 aliyewapiga ni Japani, nchi iliyolazimishwa mikataba ya namna ileile na Wamarekani na Waingereza miaka ya 1850. Ushuru ulifungwa, konseli akahukumu, vilevile. Japani ikajipanga na kujinasua, China haikuweza. Mikataba ni ileile na matokeo ni tofauti. Mleta uzi hilo hajalijibu tangu ukurasa wa kwanza.

#21 Duka_Xiaobei

Hili la Japani ni zito. Ila Japani haikupata vita ya ndani ya miaka kumi na minne. Uasi wa Taiping, 1851 hadi 1864, uliua watu wanaokadiriwa milioni 20 au zaidi. Bonde la Yangzi la chini, lililokuwa tajiri kuliko kote, lilibaki mahame. Ukiyatafuta majeraha ya jamii ya China, hilo ndilo kubwa kuliko kasumba na kuliko Hong Kong.

Na Taiping tuiweke fungu gani? Kiongozi wake, Hong Xiuquan, alifeli mitihani ya serikali hapa Guangzhou mara kadhaa, akapata kijitabu cha Kikristo kilichoandikwa na Mchina aliyebatizwa na wamisionari, akaamini yeye ni mdogo wake Yesu. Mitihani ni ya ndani, kijitabu kimetoka nje. Tena Shanghai ilipofunguliwa, chai na hariri ziliacha kushuka Guangzhou kwa njia ya milimani, wapagazi na mabaharia wa mitoni wakakosa kazi. Guangxi, uasi ulikoanzia, ilijaa watu wa namna hiyo pamoja na maharamia waliofukuzwa baharini na manowari za Kiingereza.

#22 Kijana_wa_Tandika

Kwa hiyo Wazungu waliwasaidia Wakristo wenzao?

#23 Duka_Xiaobei

Waliwapiga. Wafalme wa Qing walikuwa wameshasaini mikataba ya 1858 na 1860, na mwenye mkataba lazima abaki hai autekeleze. Fikiria: Oktoba 1860 Waingereza na Wafaransa wanapora Yuanmingyuan, kasri la bustani nje ya Beijing, kisha Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, anaamuru lichomwe. Muda mfupi baadaye maofisa wa Kiingereza wanaongoza askari kuilinda dola hiyohiyo dhidi ya Taiping. Mmoja wao ni Charles Gordon, yuleyule aliyekuja kuuawa Khartoum 1885.

#24 Fundi_Mlimba

Wakuu nachangia kwa ufupi. Marehemu baba alifanya kazi na Wachina wa TAZARA, 1970 hadi 1975. Alikuwa akisema walikaa kambi za kawaida, walibeba mataruma pamoja na vibarua, na mkalimani wao aliwaeleza jioni habari za wageni waliotawala mitaa ya Shanghai. Baba aliamini walikuwa wanajitahidi makusudi wasifanane na wale. Sijui nyie mnaonaje Wachina wa miradi ya siku hizi.

#25 Mwana_wa_Tudor

Fundi, hilo la siku hizi tulifungulie uzi mwingine, hapa hatutoki. Na asije mtu na twiga wa Malindi, yule aliyepelekwa zawadi China, maana namuona aja.

#26 Mtoto_wa_Ng'ambo

Twiga wa Malindi alifika China 1415, na aliyetangulia mwaka mmoja kabla alitokea Bengal. Basi, nishamleta. Endeleeni.

#27 Ticha_Fomu_Foo

Narudi kwa #20. Japani ilifunguliwa miaka zaidi ya kumi baada ya Nanjing, imeshaona yaliyompata jirani, na mkataba wake wa 1858 na Wamarekani ulikataza kasumba kuingizwa. China mwaka huohuo ililazimishwa kukubali kasumba iingie kwa ushuru halali. Mikataba haikuwa ileile.

#28 Sijakubali_Bado

Ticha, hapo umenishika kidogo, ila tazama kilichofuata. Kasumba ilipohalalishwa, Wachina walilima yao. Kufikia 1906 iliyolimwa Sichuan, Yunnan na kwingineko ilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko ya India, na majimbo yaliishi kwa kodi yake. Mwaka huo Qing ikapiga marufuku, 1907 Mwingereza akakubali kupunguza ya India mwaka hadi mwaka, na kweli mashamba yakang'olewa. Kisha dola ikaanguka, majenerali wakagawana majimbo, wakawalazimisha wakulima kupanda tena ili walipe askari. Majenerali hao hawakutoka London.

#29 Mkoba_wa_Historia

Bunduki zao zilitoka wapi? Na mikopo iliyowaweka madarakani? Mwaka 1913 benki za mataifa matano zilimkopesha rais Yuan Shikai pauni milioni 25, bunge likiwa linapinga, na rehani yake ilikuwa kodi ya chumvi. Nipe leo jioni nimalize kazi, nitaleta vifungu vya mkopo ule kimoja kimoja.

#30 Sijakubali_Bado

Lete. Na ulete pia majina ya Wachina waliousaini.